Asiinuke Mtu Hadithi Haijafungwa

Vijana wangu, mnanijia na maikrofoni zenu na karatasi mlizoandika hadithi neno kwa neno, mnaniuliza nilisomea wapi kusimulia. Nilisomea kwenye sindano. Chekeni tu. Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, mimi Wakesho niliajiriwa Voi kwenye gari la chanjo. Kwenye karatasi niliandikwa ayah, yaani mhudumu wa kike. Kazi yenyewe ilikuwa kuketi mbele ya watu na kuwasimulia hadithi ili wasitoroke.

Maana walitoroka! Watu waliogopa chanjo ya ndui kuliko ndui yenyewe. Vumbi la gari likionekana tu, akina mama walishika watoto wakapanda mlimani. Dresa wetu, yaani mtu wa sindano na vidonda, alikuwa Mwadime wa Mbololo; alikuwa na mkono mwepesi na uso mzito. Akisema "karibuni", watu walisikia "kimbieni". Siku moja gari lake liliharibika Mraru, na mimi nilikuwa ndani kama abiria wa kuomba lifti. Nikaanza kuwasimulia watoto wawili watatu pale kando ya barabara, ili muda uende. Wakaja wengine, wakaja mama zao, wakaketi. Mwadime akautazama ule umati, akazitazama sindano zake, akaniambia polepole, "Dada, usisimame. Endelea hivyo hivyo." Alichanja wote. Wiki iliyofuata nikaanza kazi.

Niliyokuwa nayo yote nilipewa na nyanya yangu, mama wa baba. Hakuwa mpole. Ukisimulia vibaya alikugeuzia mgongo akaendelea kupepeta mahindi yake. Alinifundisha kwamba hadithi haikaririwi kwa maneno, hukaririwa kwa mahali: hapa pana kisima, hapa pana mlango, hapa kuna mtu analia. Ukikariri maneno, mtoto mmoja akikohoa umepotea. Ukijua mahali, hata ukisukumwa utarudi njiani. Alinifundisha pia kulainisha koo kwa maji kabla ya kuanza, na kumtafuta yule aliyekupa bega. Kila umati una mtu mmoja ambaye hataki kukusikiliza. Msimulie huyo. Akigeuka yeye, wengine unao tayari.

Na kuna jambo la nyanya ambalo ndilo lililonipa mshahara. Kwake, hadithi ilifunguliwa na ilifungwa. Nikisema, "Hadithi hadithi!" watu wote wajibu, "Njoo!" Mwishoni nikisema, "Nimeifunga," wajibu, "Ilale." Hapo ndipo watu huinuka. Anayeinuka kabla hadithi haijafungwa, alisema nyanya, hadithi humpanda mgongoni, naye huzeeka na kibiongo. Mnaona faida yake kwenye foleni ya chanjo? Mtoto alikuwa tayari kuchanjwa mikono yote miwili kuliko kuinuka. Kila tulipofika mahali, niliwafundisha kwanza kujibu, kwa nguvu, tena na tena, hadi jibu likawa linatoka lenyewe kabla mtu hajafikiri. Nilijisifu sana kwa hilo. Ngojeni.

Makosa nilifanya mengi. Huko Mahoo, upande wa Taveta, nilisimulia habari za fisi mnene aliyekusanya chakula cha wenziwe na kukila peke yake. Watu wakacheka kupita kiasi, wakitazama upande mmoja. Upande huo aliketi mzee wa kijiji, mnene, na kitambi chake mapajani. Wakati ule ulikuwa wa hali ya hatari, mkutano wowote ulihitaji ruhusa, na kule kambini Manyani watu walikuwa wamefungwa kwa maneno machache kuliko yale. Mzee akaniuliza mbele ya watu, "Huyo fisi ni nani?" Mwadime akaanza kufungasha sindano zake. Nikamjibu, "Mzee, huyo ni fisi wa kwetu mlimani. Ni wa ukoo wangu mimi, na ninaona aibu kumtaja." Watu wakacheka upya, mzee naye akacheka. Tangu siku hiyo wabaya wote wa hadithi zangu wametoka kwetu. Fanyeni hivyo hivyo, hamtafungwa.

Lakini kosa la Mahoo lilikuwa mchezo. La Kasigau ndilo ninalotaka kuwaambia, na sijawahi kulisema lote.

Tulifika asubuhi, kiangazi kikali, barabara imetutikisa mpaka meno. Dereva wetu alikuwa Bwana Athumani, mzaliwa wa Voi mjini, wa familia ya Kiislamu iliyotoka pwani, aliyeendesha malori ya mkonge miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Aliegesha gari penye kivuli, hatua kama thelathini kutoka kanisa dogo la udongo tulilopewa, nyuma ya gari ikitazama mlango. Pembeni mwa gari lilifungwa pipa letu la maji. Mwadime akapanga vitu vyake ndani ya kanisa, na mimi nikaanza kuwafundisha watu kujibu. Walikuwa kama sitini. Wakijibu "Njoo!" mabati yalitetemeka.

Akaja mama mmoja na watoto wawili, mchanga mgongoni na msichana wa miaka kama sita mkononi. Msichana aliitwa Wawuda. Macho yalikuwa mekundu na mwili moto. Mwadime akamtazama nyuma ya masikio na kifuani.

"Hii ni surua," akasema. "Huyu hapana ingia hapa kwa watoto wengine. Alale kwa gari. Tukimaliza tutaenda na yeye Voi, hospitali."

Wakamlaza nyuma ya gari juu ya magunia, wakamfunika blanketi la kijivu. Mama yake akaketi pale mlangoni mwa gari, akimpepea kwa leso.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Kanisa lilikuwa limejaa isipokuwa nafasi moja mbele kabisa, na nafasi ile iliniudhi. Nilitaka nyumba ijae. Nikatoka mlangoni nikamwita yule mama, "Njoo ndani, mama! Mlete huyo mdogo achanjwe."

Akasita. "Na huyu nimwache peke yake?"

"Hatua thelathini tu. Atasikia hadithi kutoka huko huko, sauti yangu inafika."

Wawuda mwenyewe akasema, kwa sauti nyembamba ya homa, "Nenda, mama. Mimi nitajibu nikiwa hapa." Mama akaja akaketi mbele yangu. Mchanga angeweza kuchanjwa mwishoni, na wala haikuwa lazima mama aje wakati ule. Nilimwita kwa sababu ya majivuno yangu tu.

Nilikuwa katikati ya hadithi ya kobe aliyekwenda kuposa, watu wamekolea, nilipotupa jicho nje. Ndovu dume alikuwa anakuja, peke yake, mchana kweupe. Mguu wa mbele ulikuwa umevimba, una kidonda cha mshale kinachotoa maji, na aliukanyagia kwa shida. Ndovu mzima mchana hukaa msituni. Huyu alikuwa na kiu na maumivu, na alikuwa ameyanusa maji ya pipa letu. Nani aliyeacha kifuniko wazi baada ya kulainisha koo? Msiniulize.

Nikanyamaza. Na nilipokoma, ndovu naye akasimama, akapanua masikio.

Athumani alikuwa ameegemea mlango wa kanisa. Alininong'oneza bila kugeuza kichwa, "Usikome, mwanangu. Alikuja ukisema, keshaizoea sauti yako. Ukikatiza ndipo atakapotaka kujua kuna nini. Sema, lakini polepole."

Watu walikuwa wameanza kuona. Mlango ulikuwa mmoja na vidirisha vya kupitisha upepo tu. Wangekimbilia mlango huo wote sitini, wangetokea mbele ya ndovu. Nilijua lazima niseme. Kobe akanitoka kichwani na mchumba wake, sikuona kisima wala mlango. Na mtu akiishiwa, vijana, ulimi hurudi pale ulipozoea. Nikafungua kinywa nikasema:

"Hadithi hadithi!"

"NJOO!" wakajibu wote sitini. Nilikuwa nimewafundisha vizuri.

Na kutoka kwenye gari, peke yake, nyuma kidogo ya wengine, sauti nyembamba ikajibu, "Njoo!"

Ndovu akageuza kichwa kuelekea gari. Akaenda.

Yule mama akainuka nusu. "Mtoto yangu," akasema. "Mtoto yangu iko huko." Mwadime akamshika mkono mmoja, mwanamke mwingine akamshika wa pili. Niliona kinywa chake kikifunguka, na nikajua akipiga ukelele Wawuda ataketi na kumwita, na ndovu yuko hatua tano kutoka kwake. Kumfikia kwa miguu nisingeweza. Lakini sauti ilikuwepo bado, na ndicho kitu pekee kilichoweza kumfikia yule mtoto.

Nikasema, kwa sauti ile ninayotumia mtoto akikaribia kusinzia, "Hii ni hadithi nyingine. Hii haijibiwi kwa mdomo. Hii hujibiwa kwa kidole." Nikaweka kidole changu midomoni. "Kila mtu aweke kidole hapa. Hata aliyelala mbali. Asijibu mtu, asiinuke mtu, mpaka nifunge."

Vidole sitini vikapanda. Cha yule mama hakikupanda.

"Palikuwa na kifaranga wa kwale," nikasema. Kila mtoto wa Kasigau anajua kwale. Mwewe akipita, kifaranga hulala chini kama jani kavu, na unaweza kumkanyaga bila kumwona, hatoki mpaka mama yake amwite. "Kifaranga huyu alikuwa na homa, hawezi kukimbia. Akaona kivuli cha mwewe kinakuja. Mwewe mkubwa, mzee, ana mguu unaomuuma. Hakuja kumla kifaranga, alikuja kunywa maji. Kifaranga akafanya nini? Akavuta jani lake polepole, akajifunika mpaka kichwa."

Niliona pindo la blanketi la kijivu likisogea. Likapanda juu kidogo. Halafu mwili wa ndovu ukapita katikati, na sikuona tena.

Kuanzia hapo nilisimulia bila kujua kama kuna anayenisikia. Ninyi mnalalamika watu wakiangalia simu. Mimi nilisimulia kumwelekea mtoto nisiyemwona, na jibu nililokuwa naomba ni kimya, na kimya chenyewe sikuweza kujua ni cha aina gani.

Ndovu alitia mkonga ndani ya pipa akanywa. Tulisikia kila funda. Alipofika chini ya pipa akakasirika, akalisukuma, na gari zima likayumba. Chuma kikalia. Yule mama akawasukuma waliomshika na sasa alikuwa amesimama kabisa.

Nikakumbuka nyanya na yule mwenye bega. Nikaacha kumsimulia mtoto, nikamsimulia mama. Nilimtazama machoni.

"Mama kwale alikuwa tawini," nikasema. "Alikuwa anaona yote. Na kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya kifaranga, kwa sababu kifaranga alifumba macho, lakini yeye hakuweza. Moyo ulimwambia ruka. Lakini mama kwale alijua: akiruka, mwewe atatazama pale anapotua. Akiita, kifaranga atainua kichwa. Akakaza kucha kwenye tawi. Akakaa. Hata mti ukitikiswa, akakaa."

Alinichukia. Niliiona chuki hiyo, na alikuwa na haki nayo. Lakini akakaa. Akaweka kidole midomoni, na machozi yakashuka juu ya kidole.

Ndovu akaingiza mkonga nyuma ya gari. Akatoa kikapu cha Athumani cha ndizi, akazila na kikapu chake. Akaingiza tena. Athumani alikuwa ameanza kusoma dua midomoni bila sauti. Hadithi ikaniishia. Mwewe alikuwa ameshakunywa, hakuwa na sababu ya kubaki, na ndovu bado yupo. Hapo nikafanya ujanja wa wasimulizi wote walioishiwa: nikamtembeza. Nikamrusha mwewe auzunguke mlima wa Kasigau kutafuta maji mengine. Nikampitisha Rukanga, nikampitisha Jora, nikampeleka Makwasinyi, nikamshusha Bungule, na kila kijiji nikataja kisima chake na njia yake, polepole, kwa majina ambayo Wawuda aliyajua tangu azaliwe. Nilitaka asikie nyumbani. Nilimaliza vijiji nikaanza kurudi navyo kinyumenyume. Sauti yangu ilikuwa imekauka mpaka inakwaruza, na maji yote yalikuwa tumboni mwa ndovu.

Nilikuwa narudi Jora mara ya tatu Athumani aliponigusa bega. Ndovu alikuwa ameondoka kwenye gari. Alienda kwa ule mguu wake mbaya, bila haraka, akaingia kwenye kichaka upande wa mashamba. Tukangoja mpaka matawi yakatulia.

Mama alitoka mbio kabla yetu. Gari lilikuwa limebonyea ubavu. Magunia yalikuwa yamevutwa, moja liko chini. Blanketi lilikuwa kwenye kona ya mwisho kabisa, limekunjamana, na chini yake kuna kitu kidogo kisichosogea.

"Wawuda! Wawuda, inuka! Amekwenda! Inuka mwanangu!"

Blanketi halikusogea. Akaita tena, kwa Kidawida, kwa jina ambalo nadhani ni la nyumbani kwao tu. Hapana. Akapiga magoti chini pale pale, akanigeukia, na neno alilonitazama nalo sitaki kulitamka. Mwadime akapanda garini, akanyoosha mkono wake ule mwepesi. Akafunua.

Msichana alikuwa amelala ubavu, amefumba macho kwa nguvu, kidole kimekazwa midomoni. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Inuka, mwana," Mwadime akamwambia.

Akatikisa kichwa. Halafu, bila kuondoa kidole, akasema, "Bado. Hajafunga."

Nilisahau. Sitini walikuwa wametoka kanisani, wamesimama nyuma yangu, na wote walikuwa wamesahau, na mimi mwenye hadithi nilikuwa wa kwanza kusahau. Nikasogea karibu na gari. Nikasema, "Nimeifunga."

"Ilale," akajibu Wawuda. Akaondoa kidole, akaketi, akamwendea mama yake.

Mama yake alimkumbatia muda mrefu. Kisha akaniambia, bila kupaza sauti, "Siku nyingine usiniite ndani." Nikamjibu, "Sitakuita, mama." Na tangu siku hiyo sijamwambia mzazi yeyote amwache mtoto ili nyumba yangu ijae. Mkiona nafasi tupu mbele yenu, iacheni tupu.

Mwadime alimaliza kuchanja waliobaki bila hadithi yoyote, na hakuna aliyekimbia. Sisi tukapanda gari kwenda Voi, Athumani akilaani ndizi zake, mama na mtoto nyuma, na mimi pamoja nao. Sikutaka kusema tena, siku hiyo wala nyingine. Niliamua kabisa kwamba tukifika nitaiacha kazi.

Tulikuwa hatujafika mbali Wawuda aliponivuta kanga.

"Na kobe?" akauliza.

Nikamtazama mama yake. Alikaza leso ya mchanga mgongoni, kisha akajisogeza, akanipisha karibu na mtoto. Basi nikamsimulia kobe, njia nzima hadi Voi, na safari hiyo sikumwomba mtu ajibu.